Queen's Park ya Glasgow: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki walianza kuifuatilia soka ya Uskoti kwa sababu ya Victor Wanyama, alipokuwa Celtic kati ya 2011 na 2013. Ukishawazoea Celtic na Rangers, unakutana na jina la tatu linalokuchanganya, Queen's Park: timu ndogo, mashabiki wachache, lakini imetwaa Kombe la Uskoti mara 10, na hadi 2020 ndiyo iliyokuwa ikimiliki Hampden Park, uwanja ambao timu ya taifa inachezea. Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila inapotajwa.

Ni timu moja na Queens Park Rangers?

Hapana. QPR ni ya London na ilizaliwa baadaye. Hii ya kwetu ni ya kusini mwa Glasgow. Bustani iliyoipa jina iliitwa hivyo kwa kumkumbuka Malkia Mary wa Uskoti, ambaye jeshi lake lilichapwa karibu na hapo, Langside, mwaka 1568. Wengi hudhani malkia huyo ni Victoria. Siye.

Ilianzishwa lini, na nani?

Tarehe 9 Julai 1867, saa mbili na nusu usiku, katika nyumba namba 3 ya Eglinton Terrace. Waliokutana walikuwa vijana tu, wengi wao asili yao kaskazini mwa Uskoti. Hakukuwa na tajiri, kiwanda wala kanisa la kuwadhamini. Walibishana kwanza kuhusu jina: wengine walitaka Celts, wengine Northern, wengine Morayshire. Queen's Park ilipita kwa kura moja zaidi.

Hiyo ndiyo klabu kongwe kuliko zote za soka nchini Uskoti. Kwa hiyo likaja tatizo ambalo timu za leo hazilijui: hawakuwa na wa kucheza naye. Kwa muda mrefu waligawana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1868 ndipo walipopata mgeni, timu iliyoitwa Thistle. Walicheza watu 20 kila upande kwa saa mbili, Queen's Park wakashinda 2-0. Timu nyingine zilipoanza kuchipuka, mara nyingi wao ndio waliozipelekea kanuni na kuzifundisha namna ya kucheza. Hadi 1875 hakuna aliyewahi kuwafunga bao hata moja. Ni rekodi ya kutisha, ingawa lazima tukumbuke kwamba mechi zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Kwa nini timu ya Uskoti ilicheza Kombe la FA la Uingereza?

Kwa sababu kwao hakukuwa na kombe lolote. Kombe la FA lilipoanzishwa, msimu wa 1871/72, Queen's Park walijiandikisha na hata wakachangia gini moja, fedha ya Uingereza ya wakati ule, kununua kombe lenyewe. Kilichofuata kinachekesha. Kwa sababu ya umbali wa safari, mpinzani wao alijitoa, raundi nyingine wakapewa nafasi ya kupita bila mpinzani, na hivyo wakafika nusu fainali bila kugusa mpira. Nauli ya kwenda London ilipatikana kwa michango. Wakatoka 0-0 na Wanderers, timu bora ya wakati ule. Ikatakiwa mechi ya marudio, lakini fedha za kubaki London au kurudi tena hazikuwapo, wakajitoa. Wanderers wakaenda kulibeba kombe.

Walirudi baadaye kwa nguvu. Mwaka 1884 na 1885 walifika fainali mfululizo, na mara zote mbili wakafungwa na Blackburn Rovers, 2-1 kisha 2-0. Mwaka 1887 chama cha soka cha Uskoti kikazipiga marufuku timu zake kushiriki kombe la jirani, na mlango ukafungwa.

Ni kweli mechi ya kwanza ya kimataifa duniani ilichezwa na Queen's Park?

Kwa upande wa Uskoti, ndiyo, karibu kwa kila maana. Ilikuwa tarehe 30 Novemba 1872, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, katika uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent mjini Glasgow. Uskoti haikuwa na chama cha soka bado. Charles Alcock, katibu wa FA, chama cha soka cha Uingereza kilichokuwa London, alitoa mwaliko, na Queen's Park ndio walioupokea: wakatafuta uwanja na kuandaa mechi, na wachezaji wote 11 walitoka kwao. Nahodha alikuwa kipa wao, Robert Gardner. Walivaa jezi zao wenyewe za bluu iliyokoza, na ndiyo sababu Uskoti inavaa bluu mpaka leo.

Watazamaji walikuwa kama 4,000. Goli halikuwa na mwamba wa juu ila utepe uliofungwa kati ya milingoti miwili, na shuti moja la Waskoti liliugusa utepe huo badala ya kupita chini yake. Matokeo yakawa 0-0.

Miezi michache baadaye, Machi 1873, Queen's Park wakaziita timu nyingine kwenye hoteli moja ya Glasgow isiyouza pombe, na hapo kikazaliwa chama cha soka cha Uskoti pamoja na Kombe la Uskoti.

Wanasema walivumbua pasi. Kweli?

Neno "walivumbua" ni zito, ila heshima wanastahili. Mtindo wa Waingereza wakati ule ulikuwa wa chenga: mtu anakokota mpira mbele, wenzake wanamfuata nyuma wakisubiri anyang'anywe ili waendelee wao. Waskoti wa 1872 walikuwa wepesi wa mwili kuliko wapinzani wao, na kwenye soka ya kugongana vifua wangepondwa. Queen's Park walikuwa wamezoea kufanya mazoezi pamoja kwa miaka mitano, wakijuana kila mmoja anapenda kukimbilia wapi. Wakawa wanapeana mpira. Baadaye timu za Uingereza zilianza kuwatafuta wachezaji wa Uskoti kwa udi na uvumba, zikiwaita maprofesa, na nyingi zilikuwa tayari kuwalipa. Hapo ndipo matatizo ya Queen's Park yalipoanzia, kama tutakavyoona.

Andrew Watson ni nani?

Ukisoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Andrew Watson alizaliwa mwaka 1856 huko Demerara, katika koloni lililoitwa British Guiana, ambayo leo ni Guyana. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti wa familia iliyotajirika kwa mashamba ya miwa na utumwa. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke mweusi wa hukohuko. Baba alimchukua mtoto na kumpeleka Uingereza, akasoma shule nzuri za Halifax na London, kisha akaja Chuo Kikuu cha Glasgow. Baba alipofariki, alimwachia urithi wa kutosha kuishi bila wasiwasi.

Mwaka 1880 alijiunga na Queen's Park akiwa beki, na baadaye akawa katibu wa klabu. Tarehe 12 Machi 1881, katika uwanja wa The Oval, London, aliichezea Uskoti kwa mara ya kwanza. Na hakuwa mchezaji tu siku hiyo: alikuwa nahodha. Uskoti ilishinda 6-1, na hadi leo Uingereza haijawahi kufungwa vibaya zaidi ya hapo nyumbani kwake. Akacheza tena dhidi ya Wales, 5-1, na mwaka uliofuata dhidi ya Uingereza, 5-1. Mechi 3, mabao 16 ya kufunga, 3 ya kufungwa. Kisha akahamia London kikazi, na kwa kuwa chama cha Uskoti kiliwachagua waliokuwa wakiishi nyumbani tu, hakuitwa tena.

Ndiye mwanasoka mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa duniani. Uingereza yenyewe ilimsubiri Viv Anderson mpaka 1978, miaka 97 baadaye. Watson alishinda Kombe la Uskoti mara 3 na Queen's Park, akasomea uhandisi wa meli, akafanya kazi baharini, na akafariki London mwaka 1921. Baada ya hapo alisahaulika kiasi kwamba vitabu vya historia vilimtaja mtu mwingine kabisa kuwa wa kwanza. Magazeti ya enzi yake yalimwandika zaidi kama beki hodari mwenye mateke makali, na rangi yake haikutajwa sana. Huenda hiyo ni mojawapo ya sababu waliokuja baadaye hawakumwona. Sababu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna aliyefikiria kumtafuta.

Makombe 10 ni yapi?

Ya 1874, 1875, 1876, 1880, 1881, 1882, 1884, 1886, 1890 na 1893. Ni Celtic na Rangers pekee walio na mengi zaidi.

Usidhani yote yalikuja kwa utulivu. La 1881 ilibidi fainali irudiwe baada ya Dumbarton kulalamika kwamba watazamaji waliingia uwanjani. La 1884 walipewa mezani, kwa sababu Vale of Leven hawakutokea. Na la 1893 linahitaji maelezo: Celtic walishinda 1-0 kwanza, lakini uwanja ulikuwa umeganda kwa baridi na timu zikawa zimekubaliana kuwa ile ni mechi ya kirafiki. Ya kweli ilipochezwa, Queen's Park wakashinda 2-1. Tangu siku hiyo hawajalibeba tena. Walikaribia mwaka 1900, wakafungwa na Celtic 4-3 kwenye fainali.

Na ubingwa wa ligi kuu?

Hata mmoja.

Kwa nini walikataa kuwalipa wachezaji?

Kauli mbiu yao, iliyoandikwa kwa Kilatini kwenye nembo, ni *Ludere Causa Ludendi*: kucheza kwa ajili ya kucheza. Kwa waanzilishi haikuwa pambo la nembo. Waliamini kwamba mtu akilipwa acheze, mchezo unageuka kazi, na kazi ina bosi.

Uingereza iliruhusu malipo mwaka 1885. Uskoti iliruhusu mwaka 1893, mwaka uleule Queen's Park walipobeba kombe lao la mwisho. Hiyo si bahati mbaya. Ligi ya Uskoti ilipoanza mwaka 1890, Queen's Park waliikataa wakisema itazaa malipo, na kwa kweli ilizaa. Timu iliyolazimika kucheza kila Jumamosi ilihitaji viingilio vya uhakika, viingilio vilihitaji ushindi, na ushindi ulihitaji wachezaji wasioondoka. Waliobaki nje ya ligi walikosa wapinzani, maana kila mtu alikuwa na ratiba yake. Mwaka 1900 Queen's Park wakasalimu amri nusu: wakaingia ligi, lakini bila kumlipa mtu.

Fikiria maana yake. Kwa zaidi ya karne moja walicheza dhidi ya watu ambao soka ndiyo riziki yao, wakiwa na makarani, wanafunzi na mafundi waliokuja mazoezini jioni baada ya kazi. Walidumu daraja la juu kwa miaka mingi kuliko mtu angetarajia. Mara ya mwisho walipanda mwaka 1956, wakashuka 1958, na hawajarudi huko.

Wengine husifu msimamo huu kama utakatifu. Mimi naona kulikuwa na ubwanyenye ndani yake pia, hasa mwanzoni: kucheza bure ni rahisi zaidi kwa mwenye kazi nzuri ya ofisini kuliko kwa kijana wa mgodini. Lakini wakati timu zote nyingine za ligi zilikuwa zimeshaacha, na wao wakaendelea hata kwenye daraja la nne mbele ya mashabiki mia chache, hakukuwa na ubwanyenye tena. Kilichobaki kilikuwa ukaidi, na ukaidi huo naupenda.

Timu isiyolipa mtu iliwezaje kumiliki Hampden Park?

Ndiyo iliwezekana kwa sababu haikulipa mtu. Fedha za viingilio vya miaka ya mafanikio hazikwenda kwenye mishahara, zikaenda kwenye ardhi.

Hampden zimekuwa tatu. Ya kwanza ilifunguliwa 1873. Ya pili, ya 1884, baadaye ilichukuliwa na Third Lanark, klabu iliyokufa mwaka 1967. Ya tatu, ambayo ndiyo ya sasa, ilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903 kwa Queen's Park kuifunga Celtic 1-0. Mmoja wa waliouchora alikuwa Archibald Leitch, ambaye mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo jukwaa la mbao alilolibuni Ibrox, uwanja wa Rangers, lilikuwa limeporomoka katika mechi ya Uskoti na Uingereza na kuua watu 25. Hampden majukwaa yalisimamishwa juu ya tuta la udongo, si juu ya mbao.

Hadi Maracanã ilipojengwa Brazil mwaka 1950, hakukuwa na uwanja wa soka mkubwa zaidi duniani. Aprili 1937 watu 149,415 waliiona Uskoti ikicheza na Uingereza, na wiki iliyofuata zaidi ya 146,000 wakaja kuona fainali ya Celtic na Aberdeen. Mwaka 1960 zaidi ya 127,000 waliwaona Real Madrid wakiifunga Eintracht Frankfurt 7-3 kwenye fainali ya Kombe la Ulaya. Mwenye nyumba katika usiku huo, mbele ya Di Stéfano na Puskás, nyota wa Madrid, alikuwa klabu ya ridhaa ya daraja la pili.

Nyumba kubwa ina gharama kubwa. Ukarabati wa miaka ya 1990 ulikaribia kuwafilisi, na kuanzia mwaka 2000 chama cha soka kikachukua uwanja kwa mkataba wa kukodi wa miaka 20. Ulipokaribia kuisha, chama kilifikiria kuhamia Murrayfield, uwanja wa raga wa Edinburgh. Mwaka 2018 kikaamua kubaki na kuinunua Hampden kwa pauni milioni 5, kwa msaada mkubwa wa matajiri wawili, na makabidhiano yakafanyika 2020.

Pauni milioni 5 kwa uwanja wa taifa? Mbona bei ya bure?

Hayo ni mawazo ya wengi. Lakini mpangaji ni mmoja tu duniani kwa uwanja kama huo, na akihama unabaki na majukwaa matupu ya kufagia.

Ni wachezaji gani maarufu waliopita hapo?

Wa zamani zaidi ya kuwataja ni Robert Smyth McColl, mshambuliaji aliyefunga mabao 13 katika mechi 13 za taifa. Alikwenda Newcastle mwaka 1901 kulipwa, kisha Rangers, na mwisho akarudishiwa hadhi ya ridhaa akarejea Queen's Park, jambo lisilokuwa la kawaida kabisa. Kwenye mechi yake ya mwisho, mwaka 1910, alifunga mabao 6. Alikuwa pia na biashara ya peremende, ndiyo maana walimwita "Toffee Bob", na maduka yenye jina lake yalienea Uingereza nzima.

Alex Ferguson, ndiyo yule wa Manchester United, alianza hapa. Mwaka 1958, akiwa na miaka 16 na akijifunza ufundi wa kutengeneza zana kiwandani, alicheza mechi yake ya kwanza ugenini kwa Stranraer. Alifunga, timu ikapoteza 2-1. Hakupata namba ya kudumu, mwaka 1960 akahamia St Johnstone.

Kisha Andy Robertson. Celtic walimwacha akiwa kijana wa miaka 15 hivi kwa madai kwamba ni mdogo wa umbo. Msimu wa 2012/13 alikuwa beki wa kushoto wa Queen's Park, bila mshahara, na mchana alipokea simu za wanaonunua tiketi hapohapo Hampden. Agosti 2012 aliandika mtandaoni kwamba maisha bila pesa katika umri ule ni mabaya na anahitaji kazi. Msimu huohuo Rangers walikuwa wametupwa daraja la chini baada ya kufilisika, na Desemba walipokuja Hampden walivuta watu zaidi ya 30,000 kwenye mechi ya daraja la nne. Robertson akaenda Dundee United, mwaka uliofuata Hull kwa pauni milioni 2.85, halafu Liverpool, na mwaka 2019 akanyanyua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Novemba 2025, akiwa nahodha, aliiongoza Uskoti kuifunga Denmark 4-2 Hampden na kufuzu Kombe la Dunia. Mmoja wa wafungaji usiku ule, Lawrence Shankland, alikuwa naye kwenye kikosi kilekile cha Queen's Park.

Kwa nini basi waliacha ridhaa mwaka 2019?

Soma jibu lililotangulia kwa jicho la mhasibu. Mchezaji wa ridhaa hana mkataba wa kumfunga. Timu inamlea, anaiva, anayemtaka anamchukua, na mlezi anaambulia fidia ndogo. Hull walipolipa mamilioni, fedha hizo hazikwenda Queen's Park.

Novemba 2019 wanachama walipiga kura na idadi kubwa mno ikakubali kuachana na ridhaa, miaka 152 baada ya kile kikao cha Eglinton Terrace. Kauli mbiu imebaki kwenye nembo. Wapo wanaoona huo ni unafiki. Mimi naona ni afadhali kuliko kuifuta.

Kwa nini wanaitwa Buibui?

Mwaka 1873 waliiacha bluu na kuanza kuvaa jezi zenye mistari myembamba ya mlalo, nyeusi na nyeupe. Ukiitazama kwa mbali inafanana na utando.

Wako wapi sasa?

Kulipa kulileta matokeo haraka. Walitwaa ubingwa wa daraja la nne 2021, mwaka uliofuata wakapanda tena hadi ligi ya pili kwa ukubwa, na Mei 2023 walibakiza mechi moja kuingia ligi kuu. Ilikuwa dhidi ya Dundee, wakafungwa 5-3, ubingwa ukaenda kwa wageni.

Wana uwanja wao mdogo ubavuni mwa Hampden, zamani ukiitwa Lesser Hampden, wenye jengo lililokuwa nyumba ya shamba la karne ya 19. Matengenezo yake yalichelewa mno. Wakahangaika kwa kuazima viwanja vya watu, hadi Ochilview nje kabisa ya Glasgow, kabla ya kurudi kucheza Hampden kama wapangaji kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe.

Na kwa anayedhani hadithi yao imeishia kwenye picha za rangi ya kahawia: tarehe 9 Februari 2025 walikwenda Ibrox kwenye Kombe la Uskoti. Seb Drozd akafunga kipindi cha pili. Dakika za majeruhi Rangers wakapata penalti, James Tavernier akaweka mpira, kipa Calum Ferrie akaupangua. Rangers 0, Queen's Park 1.